Git submodule: nyota nne, ya tano naizuia makusudi

Nimeona madevelopa wengi wa hapa Mombasa wakiisema vibaya Git submodule, yaani ile njia ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) ya kuweka projekti moja ndani ya nyingine, ukiwauliza kwani ilikufanya nini jibu ni "ilinisumbua nikaitoa", basi. Sasa naiandikia rivyu kwa sababu timu yetu twaitumia kila siku ya kazi na naona inaonewa, ingawa pia ina mambo yake ya kukera na nitayasema yote.

Kazi zetu ni zile za kawaida za huku pwani, buking za nyumba za wageni Nyali na Diani, mfumo wa wakala wa kutoa mizigo bandarini, duka la spea Mwembe Tayari. Zote zalipiwa kwa M-Pesa kwa hivyo zote zina kipande kile kile, chukua nambari ya simu ya mteja, isafishe, ipeleke Daraja, ule mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo na M-Pesa, ili mteja atokewe na pale pa kuweka PIN. Kinaonekana kidogo lakini kina mambo. Mteja ataandika 07 au +254 au aweke nafasi katikati, na Daraja yenyewe yataka ianze na 254 bila alama ya kujumlisha. Halafu 2019 zikaja nambari za 010 na 011, na kuna mifumo mpaka leo inakagua 07 peke yake, mtu wa 011 anakataliwa na pesa yuko nazo. Ukikopi hiyo folda ukaibandika kwenye kila projekti, utarekebisha ya Nyali, ile ya Mwembe Tayari itaendelea kufukuza wateja na hakuna atakayekwambia, mwenye duka ataona tu mauzo hayaendi. Kwa hivyo wale wanaosema "si ukopi tu" hapana jamani, pesa ya mtu si ya kuchezewa hivyo.

Na submodule inakuwaje? Kile kipande cha malipo kinakaa kwenye repo yake (hifadhi ya Git), na kila projekti inakiweka ndani kama folda, lakini projekti haibebi mafaili yenyewe, inaandika tu utambulisho wa komiti moja (hali ya msimbo iliyohifadhiwa), ile mistari mirefu ya herufi na tarakimu 40, na anuani ya repo inakaa kwenye faili la .gitmodules. Ukiisogeza mbele kisha upige git diff huoni msimbo umebadilika vipi, waona mistari miwili imeandikwa Subproject commit, wa zamani na wa mpya, kwisha. Mimi hapo ndipo ninapoipendea, haisogei mpaka uisogeze wewe kwa mkono wako. Mfumo wa bandarini waweza kubaki na toleo la mwaka jana kwa sababu mwenyewe hataki kuguswa mwisho wa mwezi, ule wa Nyali ukawa na la leo asubuhi, na hakuna anayemharibia mwenzake. Kwa mambo ya pesa hiyo ni raha sana.

Haya, tabu zake. Mtu mpya kwenye timu anakloni projekti (anaipakua kwenye mashine yake), anafungua folda ya malipo, tupu. Hakuna kilichoharibika ila lazima apige git submodule update --init --recursive, au akloni tangu mwanzo na --recurse-submodules. Mwandikieni kwenye README, lile faili la maelezo, juu kabisa. Hata GitHub Actions, ile huduma ya kujaribu msimbo kwenye seva, haizileti yenyewe, ile hatua ya checkout yataka uiambie submodules: recursive, na kama hiyo repo nyingine ni ya siri yataka tokeni yake (ufunguo wa ruhusa) pia.

Tabu kubwa zaidi ni hii. Ukishaapdeti, ndani ya ile folda hauko kwenye branchi (tawi la kazi) yoyote, uko juu ya komiti tu inaning'inia, sasa mtu anarekebisha, anafanya komiti, kesho yake update inapita na kazi yake haionekani tena, anashika kichwa. Haijafutika, ingia ndani ya folda piga git reflog, orodha ya komiti ulizopitia, utaikuta. Lakini uzoeeni mkono wenu, kabla ya kugusa chochote humo ndani, git switch main kwanza.

Na kuna yule anayepushi (anayepeleka kwenye seva) projekti kubwa na kusahau kupushi ile ndogo, wengine wote wakipuli wanapata kosa la "not our ref" na hawajui wamlaumu nani. Dawa yake ni git config push.recurseSubmodules check, Git inamkatalia hapo hapo kabla hajawaharibia wengine. Ongeza na submodule.recurse true ili ukibadilisha branchi folda za ndani zifuate, la sivyo waweza kuwa unajaribu msimbo wa leo na malipo ya jana.

Hapo ndipo nyota ya tano ilipobaki kwangu. Submodule iko tangu Git 1.5.3 ya 2007, submodule.recurse ikaja 2017, na mpaka sasa ukiinstoli Git unaikuta imezimwa. Kwa nini mtu aumie kwanza ndipo aijue? Wengi walioitoa waliitolea hilo tu.

Git subtree nayo twaitumia lakini pale tunapomkabidhi mteja projekti yake akaenda nayo, maana inaingiza mafaili yote ndani, anakloni kawaida na hata hajui kuna repo nyingine. Ubaya wake kila mtu anajisahau anahariri humo humo, na kurudisha mabadiliko kwa git subtree push kwenye repo yenye historia ndefu utangoja mpaka chai ipoe.

Kama muko wawili watatu na projekti chache, chukueni submodule, wekeni zile setingi mbili kwenye kila laptopu siku ya kwanza, na kwenye .gitmodules andikeni anuani ya kifupi kama ../malipo.git ili anayetumia SSH na anayetumia HTTPS wote wapite.