Kabla ya kuchagua programu ya teminali, zima modemu kwanza

Mwezi uliopita nililipa dola 20 katika duka moja karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, nikapewa flashi yenye programu ya teminali, yaani dirisha la kuandikia amri ukiingia kwenye seva, kompyuta iliyoko mbali. “Mama, hii iko na lisansi ya maisha,” muuzaji aliniambia. Siku tatu baadaye nilikuwa naingiza hifadhidata ya mteja kwenye seva iliyoko Ufaransa, delestaji (mgao wa umeme) ikatukuta saa mbili usiku. Kompyuta haikuzima, betri yake nzima. Kilichozima ni modemu. Dirisha likaganda, naandika na hakuna herufi inayotokea. Nikawasha mega (intaneti) za simu ili niendelee: bure. Kazi ya saa nne ilifia huko huko kwenye seva, na mteja alikesha akinisubiri.

Nilipofungua ukurasa wa maelezo ya ile programu, nikakuta jina la PuTTY. Ndiyo hiyo hiyo ambayo Mwingereza Simon Tatham anaitoa bure tangu 1999! Tena toleo nililouziwa lilikuwa kuukuu. Matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yana kasoro mbaya: anayepata saini kadhaa zilizotiwa na ufunguo (faili ya siri ya kuingilia badala ya nywila) wa aina ya NIST P-521 anaweza kuukokotoa ufunguo wenyewe wa siri. Dawa yake ni toleo la 0.81, lililotoka Aprili 2024.

Kuhusu rangi, aina ya herufi na mengine ya sura, sitakuchosha. Programu hizi zote zinaiga teminali za zamani kama VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka 1978, na zote zinaiga vizuri. Swali ambalo sioni watu wakiuliza ni hili: laini ikikatika katikati ya kazi, programu inafanya nini? Sisi tunaoishi na delestaji hatuna swali kubwa kuliko hilo. Ukihama kutoka modemu kwenda simu, anwani yako ya intaneti inabadilika, na muunganisho wa SSH (njia ya siri kati ya kompyuta yako na seva) uliofunguliwa kwa anwani ya kwanza hauwezi kukufuata. Hata umeme ukiwepo, mitandao ya simu huwa inafunga muunganisho uliokaa kimya. Unaenda kugeuza bukari (ugali), ukirudi dirisha limekufa.

Kwa hiyo nilijaribu programu tano kwa njia moja: naingia kwenye seva, naanzisha kazi, nachomoa modemu.

Ya kwanza ni MobaXterm, na sitaficha kwamba naipenda. Laini ikikufa, kichupo kinabaki na maandishi yako yote, kisha inakuambia wazi: bonyeza R kuanza upya, bonyeza S kuhifadhi maandishi kwenye faili. Herufi moja tu, na umerudi. Ukishaingia, faili za seva zinajipanga kushoto, unazivuta kwa panya. Ndani yake kuna pia Mosh, njia nyingine ya kuunganisha, ambayo haitegemei anwani moja: unatoka kwenye modemu, unaingia kwenye simu, kazi inaendelea pale pale. Lakini Mosh lazima iwekwe na kwenye seva, na milango yake ya mtandao, ile ya UDP kuanzia 60000, iwe wazi. Toleo la nyumbani ni la bure. Linakuwekea kikomo cha seva 12 za kuhifadhi, na mimi nina tano. Liko pia toleo lisilohitaji kuinstala, unalibeba kwenye flashi.

PuTTY naiweka ya pili, ukiipakua kwa Tatham mwenyewe. Ni nyepesi sana, megabaiti chache, inafaa mashini za zamani zinazotufikia kutoka Ubelgiji. Tatizo ni kwamba mpigo wa kuweka laini hai (keepalive), ishara ndogo inayotumwa kila baada ya sekunde kadhaa, umewekwa sifuri, yaani umezimwa. Nenda sehemu ya Connection, andika sekunde 30. Fahamu kwamba mpigo huo unazuia laini isifungwe kwa ukimya, lakini modemu ikizima dakika kadhaa, mpigo huo huo unafanya muunganisho ufe mapema zaidi. Mimi nauwasha, kwa sababu heri kujua mapema kuliko kuandikia dirisha lililokufa.

Ya tatu ni Windows Terminal pamoja na ssh ya Microsoft. Kwenye Windows 11 tayari zimo, hulipi mega hata moja. Kwa mpigo kama ule, ongeza mstari wa ServerAliveInterval 30 kwenye faili ya config, ndani ya folda ya .ssh. Ila ikikatika, unaandika amri upya wewe mwenyewe.

Tera Term ni ya bure, inatosha kwa kazi ndogo.

SecureCRT inajua kujiunganisha tena yenyewe, lakini inapita dola 100 kwa mtu mmoja. Bei hiyo imepangwa kwa makampuni. Kwa familia nyingi za mtaa wetu wa Katuba hiyo ni zaidi ya kodi ya nyumba ya mwezi, na kabla ya hapo utafute kadi ya benki inayokubaliwa ng’ambo.

Yoyote utakayochukua, ukishaingia kwenye seva andika tmux, jina la programu ndogo ya upande wa seva, kabla ya kuanza kazi nzito. Hapo kazi inabaki hai upande wa seva hata laini ikifa, na ukirudi unaandika tmux attach. Ningeijua usiku ule!

Nilirudi dukani na flashi yangu. Muuzaji alikataa kurudisha pesa, eti nimelipia kazi ya kuinstala, na kuinstala nilifanya mwenyewe nyumbani. Kijana mmoja alikuwa kaunta akihesabu franka zake kwa ajili ya flashi kama yangu. Nilimwambia pale pale, mbele ya muuzaji, kwamba vitu hivyo ni vya bure. Akarudisha franka zake mfukoni.

Zile dola 20 ningenunua kibetri cha kushikilia modemu, na mteja wangu angelala usiku ule.