Akiba Hapa Inaoza: Upana wa Kikosi Ndani ya Football Manager 2024

Mbukwenyi wadau! Karibuni tena kwenye chaneli. Niko chumbani kwangu hapa Dodoma, feni inazunguka nyuma yangu, kwa hiyo mkisikia upepo msidhani narekodia nje. Leo tuna Football Manager 2024. Sitaichambua gemu nzima. Kazi hiyo watu wameifanya tangu Novemba 2023 ilipotoka, mambo ya picha za uwanjani mtayapata kwao. Mimi leo nina hoja moja tu: kikosi. Nani anaanza, nani anapumzishwa, na yule anayesugua benchi ana kinyongo kiasi gani.

Najua swali linakuja. Mbona ya 2024 wakati ya 2026 ipo? Jibu ni hili hapa, mnaliona, laptopu ya mtumba yenye kibandiko cha ofisi ya watu ambacho nimeshindwa kukibandua. Ya 2025 ilifutwa Februari 2025, haikutoka kabisa. Ya 2026 ikaja Novemba mwaka huo huo ikiwa imejengwa upya juu ya injini ya Unity, na mashine hii ikisikia tu habari za injini mpya inaanza kuhema. Tule tulichonacho.

Kwa mgeni: hapa hushiki pedi ukapiga chenga. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga mazoezi, unatoa kikosi, unaongea na waandishi, unafukuzwa.

Sasa, kwenye vibanda umiza vyetu, iwe Majengo, iwe Nkuhungu, kila msimu ukianza utamsikia mtu: "Safari hii tuna kikosi kipana." Ameona timu yake imesajili wachezaji kumi na mbili, basi keshatangaza ubingwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na gemu hii ndiyo iliyonitoa tongotongo. Kikosi kikubwa na kikosi kipana ni vitu viwili tofauti. Kikubwa unahesabu vichwa. Kipana unajiuliza, beki wangu wa kushoto akiumia leo jioni, Jumanne hiyo jezi anavaa nani?

Ngoja niwaonyeshe yaliyonikuta. Nafundisha timu moja ya Championship, daraja la pili la Uingereza. Ligi Kuu yetu ina timu 16, mechi 30. Ile ina timu 24, mechi 46, na makombe mawili juu yake. Unacheza Jumamosi, Jumanne, Jumamosi, hadi unasahau kuna siku inaitwa Alhamisi. Nilikuwa na wachezaji 31, najiona tajiri. Mawinga saba! Beki wa kushoto asilia: mmoja.

Ikafika Desemba. Tarehe 26 mechi, tarehe 29 mechi, Januari mosi mechi. Gemu inakuonyesha hali ya mwili kwa alama ya moyo pembeni ya jina, kijani ni mzima, halafu inashuka kwenda njano, chungwa, mpaka nyekundu. Kijana wangu, huyo beki wa kushoto pekee, aliingia mechi ya tarehe 29 moyo ukiwa wa njano. Dakika ya 60 ukawa wa chungwa. Nikasema amalizie tu, tunaongoza moja bila. Dakika ya 73 kakaa chini, nyama za paja. Wiki sita nje. Nikamsogeza beki wa kati pembeni kushoto, na kile kiduara kinachoonyesha kama mtu anaijua nafasi yake kikageuka rangi ya kutu. Winga wao akamgeuza kama chapati. Tukala mbili, mchezo ukaisha mbili moja. Januari mosi nikampanga yule yule pale pale, maana sikuwa na mwingine, tukala tatu.

Mjomba wangu alikuwa amekaa hapo kitandani anatafuna karanga. Akaniuliza taratibu, "Mjomba, hawa mawinga saba unawalipa mshahara wakae?" Nikamwambia, "Subiri kidogo mjomba, kuna mpango." Mpango haukuwepo.

Kitaalamu kilichotokea ni hiki. Kila mchezaji ana sifa zinazopimwa kutoka 1 hadi 20. Wengi mnaangalia kasi na umaliziaji. Kuna mbili za kuangalia kabla hujasaini mtu: pumzi, yaani anachoka haraka kiasi gani ndani ya dakika tisini, na uimara wa asili wa mwili, yaani anarudi haraka kiasi gani baada ya mechi. Mtu anaweza kuwa na pumzi 17 akakimbia kama pikipiki mchezo mzima, lakini uimara wa mwili ni 9, siku tatu baadaye bado miguu mizito. Huyo ni wa Jumamosi tu. Ukiongeza na ule mtindo wa kukaba juu kwa nguvu, ambao kila mtu kwenye gemu hii anaupenda kwa sababu unashinda, benchi lako utalihitaji mara mbili. Mimi nilikuwa nakaba juu na kikosi chembamba. Nilijitakia.

Hapo ndipo penye utamu wa gemu hii. Waswahili tunasema akiba haiozi. Waliosema hivyo hawakuwa makocha. Humu ndani mchezaji wa akiba anaoza kweli kweli. Mbali na moyo kuna alama nyingine ya utayari wa mechi. Mtu akikaa wiki tano hajacheza, moyo wake ni kijani kabisa, kalala, kala, kapumzika, lakini utayari umekwisha. Unamwingiza anachelewa kila mpira. Kwa hiyo kupumzisha wachovu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwachosha kidogo wale waliopumzika. Mtu unampeleka timu ya vijana acheze dakika 45, unampa mechi ya kombe dhidi ya timu ya daraja la chini, au unamwingiza dakika ya 65 mkiongoza. Sheria ya mabadiliko matano, iliyoanza kama dharura ya korona mwaka 2020 na kufanywa ya kudumu mwaka 2022, imekusaidia sana hapo. Mimi nilikuwa nabadilisha wawili, dakika ya 85, kama mtu anayelipia kila mabadiliko kwa M-Pesa.

Na kuna ahadi. Jamani, ahadi! Ukimsainisha mtu, kwenye mkataba unakubaliana naye atakuwa nani: nyota, mtu muhimu, wa kuanza mara kwa mara, wa zamu, wa kuingia kubadili mchezo, kijana wa baadaye. Majina nawatafsiria mimi, gemu yenyewe haina Kiswahili. Wengi tunapita hapo haraka haraka tukikimbilia mshahara. Basi nikamwahidi winga wangu wa tano kwamba ni mtu muhimu, ili tu akubali kuja. Oktoba akabisha hodi ofisini. Nikamwambia vumilia. Novemba akarudi, na safari hii hakuja peke yake, kaja na nahodha. Kumbe wanatoka nchi moja, wanaongea lugha moja, kwenye ule ukurasa wa makundi ya chumba cha kubadilishia nguo wako kundi moja. Nahodha akinuna, nusu ya timu inanuna. Kumbe mechi zangu za Desemba nilianza kuzipoteza Julai, siku ile nagawa vyeo kama pipi.

Najua kuna mtu anaandika kwenye komenti muda huu: "Mbona Leicester walibeba ubingwa 2016 na kikosi kile kile kila wiki?" Kweli kabisa. Tena kocha wao alikuwa Claudio Ranieri, mtu ambaye akiwa Chelsea Waingereza walimpa jina la utani kwa sababu ya kubadili badili kikosi. Lakini tazama ratiba yao. Ulaya hawakuwepo. Kombe la Ligi walitolewa Oktoba, Kombe la FA likaishia raundi ya tatu. Wiki nzima mnafanya mazoezi mnasubiri Jumamosi, hata mimi nisingebadilisha mtu. Sasa chukua Manchester United ya 1999, yenye mataji matatu. Fainali ya Ulaya iliyochezwa Barcelona, viungo wao Keane na Scholes wote wana adhabu ya kadi, hawachezi. Waliofunga ni Sheringham na Solskjær, wote wawili wametoka benchi. Na nyumbani hatuhitaji kwenda mbali. Yanga wa 2022/23 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na bado wakabeba ligi. Simba walipofika fainali hiyo 2025, viporo vya ligi, yaani mechi zilizoahirishwa, vilirundikana mpaka mashabiki wakawa wanahesabu siku za kupumzika badala ya pointi. Ukishaelewa kiporo, umeshaielewa gemu hii kuliko Mzungu yeyote.

Kilichoniokoa ni ukurasa wa mpango wa kikosi. Upo tangu toleo la 2023 na mimi nilikuwa naupita kama bango la barabarani. Unaweka kila nafasi, unapanga wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa msimu huu, ujao na ule unaofuata. Nilipoujaza kwa uaminifu niliona aibu. Upande wa winga majina yameshuka kama foleni ya mwendokasi, beki wa kushoto jina moja, na mkataba wake unaisha Juni. Dirisha dogo nikauza mawinga watatu, wawili nikawapeleka kwa mkopo. Nikamchukua kiungo mmoja mzee kidogo, si mkali, lakini anacheza kiungo mkabaji, beki wa kulia na beki wa kushoto bila kile kiduara kubadilika rangi vibaya. Huyo ndiye usajili wangu bora wa mwaka na hakuna shabiki atakayenunua jezi yake. Nikabaki na wachezaji 25 na vijana wawili. Nina watu wachache, na kikosi ni kipana kuliko kile cha 31.

Nisiyoyapenda. Mioyo badala ya asilimia, mimi bado sijazoea. Kijani hii na kijani ile iliyopauka kidogo, kwenye skrini ya zamani kama yangu, ni kubahatisha. Tabia ya mchezaji kuumia umia imefichwa, unaisikia kwa maskauti na madaktari kwa mafumbo, ingawa nakiri hata makocha wa kweli ndivyo walivyo. Na ligi yetu haimo kwenye orodha rasmi ya ligi za kufundisha. Afrika Kusini wamo. Kwa hiyo ile ndoto ya kuwafundisha Walima Zabibu, Dodoma Jiji yetu, pale uwanja wa Jamhuri utasubiri, au utafute faili za mashabiki, kwa hatari yako mwenyewe.

Kama unapenda gemu ya dakika kumi halafu ukalale, usinunue, msimu mmoja unaweza kukumaliza mwezi. Kama wewe ni yule wa kubishana kijiweni kwa nini kocha hajampanga fulani, nunua, subiri punguzo.

Sasa angalieni kona ya skrini hapo. Ni Jumatatu ya gemu, Machi, kesho niko ugenini, tuko nafasi ya tisa. Beki wangu wa kushoto amerudi, moyo wake ni ile kijani iliyopauka niliyowaambia. Mzee wangu wa nafasi tatu yuko mzima. Mjomba anasema nimuanzishe kijana. Mimi namwandika mzee, hapa, namba tatu, kijana benchi, ataingia dakika ya 65. Ngoja nihifadhi kwanza, taa imeshacheza mara mbili.