Ziara ya Nyali na mwongozaji mwenyeji: uzoefu wangu

Ukimuuliza mtu wa Mombasa kuhusu Nyali atakwambia habari za majumba ya kifahari, uwanja wa gofu, maduka makubwa ya Links Road na hoteli za ufuoni. Ni ng'ambo wanakokaa wenye nazo. Mimi mwenyewe nimekuwa nikipita huko miaka mingi kwa matatu, na nilipolipia ziara ya nusu siku ya historia ya Nyali, ndugu zangu walishangaa: ulipe pesa kuonyeshwa Nyali, wewe wa hapa hapa? Nimemaliza ziara hiyo nikiamini kwamba kila mtu wa Mombasa angepaswa kuifanya, na sababu yangu kubwa ni kwamba ilianzia Kengeleni, penye kengele ya kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, si ufuoni.

Mwongozaji wetu ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Freretown, kijiji hicho cha waliokombolewa. Hana ofisi wala gari lenye maandishi ubavuni. Tulimpata kupitia jirani aliyemjua. Tulimwita Mwalimu tu. Tulikwenda wanne, mimi na mke wangu pamoja na wakwe zangu waliokuja kututembelea kutoka Taita, na alitutoza shilingi 1,500 kila mtu. Hesabu hiyo ilijumuisha tuktuk ya kutoka kituo kimoja hadi kingine. Viingilio vya sehemu zinazotoza kila mtu alijilipia. Tulielewana bei kwa simu siku moja kabla na haikubadilika.

Kengele yenyewe inaning'inia kwenye tao dogo la mawe pale njia panda, Barabara ya Malindi inapokutana na barabara ya kuingia Nyali. Makanga huita "Kengeleni!" watu wakashuka, bodaboda zimejipanga chini yake, wauza matunda wako pembeni, na ni wachache wanaoinua macho. Mwalimu alitusogeza kando ya kelele, akaanza na mwaka 1873. Mwaka huo Sir Bartle Frere alifika Zanzibar, ametumwa na serikali ya Uingereza kumshinikiza Sultani Barghash atie sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Mkataba ulitiwa sahihi mwezi Juni, soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Lakini manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watu kwa siri, na watu hao waliokombolewa walihitaji mahali pa kuishi. Ndipo wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana kutoka Uingereza, wakiongozwa na William Salter Price, walipopata ardhi hapa bara, mkabala na kisiwa cha Mombasa, kati ya mwaka 1874 na 1875. Mji mpya ukapewa jina la Frere, ukaitwa Freretown.

Kengele ilipigwa kuwatahadharisha wanakijiji wanapohofia kuvamiwa na wafanyabiashara wa watumwa. Ilipigwa pia kuwaita kanisani. Baba mkwe, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: walitoka wapi hasa watu hawa? Mwalimu akawataja Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wazigua na wengine, watu waliotekwa wakiwa watoto katika nchi ambazo leo ni Malawi, Msumbiji na Tanzania. Bibi yake mzaa baba alikuwa wa uzao wa Kiyao. Alilitamka hilo bila kupandisha sauti wala kuongeza chumvi, na hapo ndipo nilipojua kwamba pesa yangu haikupotea.

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Matthew Wellington. Alizaliwa Myao, akaitwa Chengwimbe. Alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa baharini na manowari ya Kiingereza, akapelekwa shule ya misheni huko Nasik, India. Mwaka 1872 alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliotumwa kumfuata David Livingstone bara, na Livingstone alipofariki mwaka uliofuata kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, yeye na wenzake waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Kisha alirudi huku kwetu, akaishi na kufanya kazi hadi alipofariki mwaka 1935. Nilisoma habari za Livingstone shuleni mpaka nikachoka nazo. Hakuna aliyenifundisha kwamba mmoja wa waliombeba alizeekea Mombasa.

Vijana hao waliorudi kutoka India, walioitwa Waafrika wa Bombay, ndio waliokuwa walimu, mafundi na wahubiri wa kwanza wa Freretown. Kutoka shule ya theolojia iliyoanzishwa hapa mwaka 1903 ndiko kulikotoka kile ambacho leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's, shule ilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Na ni wa ukoo wa Freretown James Mbotela, aliyeandika habari za wazee hawa kwa Kiswahili mwaka 1934, pamoja na mwanawe Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki mwaka 2025, ambaye sauti yake ya "Je, huu ni ungwana?" kila nyumba ya Kenya yenye redio iliijua. Mke wangu alipolisikia jina hilo alisimama. Marehemu baba yake mdogo alikuwa hakosi kipindi.

Nampa Mwalimu heshima kwa jambo jingine: hakuifanya Freretown kuwa paradiso. Alitueleza kwamba mapema miaka ya 1880 msimamizi mmoja wa misheni alishutumiwa, hadi ukafanywa uchunguzi, kwa kuwachapa viboko watu wale wale waliokuwa wamekombolewa. Alieleza pia ugomvi na mabwana wa Mombasa, kwa kuwa watumwa watoro walikimbilia misheni, hapa na kule Rabai palipokuwa na misheni nyingine, na mabwana wakawadai warudishwe. Ugomvi ulitulizwa kwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889, huko Rabai, watoro zaidi ya 1,000 walipewa hati za uhuru baada ya IBEA, kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, kuwalipa waliodai kuwamiliki. Utumwa wenyewe katika pwani ya Kenya haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Kwa hiyo kijiji hiki kilidumu zaidi ya miaka 30 katika nchi ambamo mtu aliweza bado kummiliki mwenzake kihalali.

Tulipita kanisa la Emmanuel, tukaketi kivulini kidogo, kisha tuktuk ikatupeleka kwenye ukumbusho wa Krapf, upande wa mlango wa maji unaotazamana na Mji wa Kale. Hapa nina lalamiko: kibao cha kuelekeza sikukiona, na bila mwenyeji ungezunguka ukakata tamaa. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa CMS, alifika Mombasa mwaka 1844 akiwa na barua ya Sayyid Said wa Zanzibar na mkewe Rosina aliyekuwa mjamzito. Mwezi Julai Rosina alijifungua, homa ikamuua, na kitoto chake cha kike kikafuata siku chache baadaye. Krapf, yeye mwenyewe akiwa hoi kwa homa, aliwazika huku bara badala ya kisiwani. Mama mkwe alisimama mbele ya kaburi akasema polepole, "Maskini mwana wa watu, na mbali na kwao," akang'oa majani yaliyoota pembeni.

Krapf hakuondoka. Alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili hata kabla ya msiba, na kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mwalimu alikuwa na maoni makali kuhusu kamusi hiyo, kwamba inanukuu mazungumzo ya Mombasa ya wakati ule kuliko kitu kingine chochote tulicho nacho. Nakubaliana naye. Kama kuna mahali pa Nyali panapostahili benchi, kivuli na kibao cha maelezo kwa Kiswahili safi, ni hapo.

Kutoka hapo unaliona daraja, na ndipo habari za utajiri zinapoanza. Zamani watu walivuka kwa vyombo. Mwaka 1931 likajengwa daraja lililoelea juu ya maboya, na mtu alilipa ushuru kupita. Daraja tulilo nalo sasa, la zege, lilikamilika mwaka 1980 kwa msaada wa Wajapani. Mwalimu alilikumbuka vizuri lile la zamani, lilivyopanda na kushuka na maji. Bila daraja, alisema, Nyali ingebaki shamba, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: eneo kubwa la ardhi hii lilikuwa mashamba ya mkonge. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashamba yakaanza kukatwa viwanja vya wazungu, barabara zikachorwa pana, gofu ikaja, na mwaka 1946 Nyali Beach Hotel ikafunguliwa ufuoni, mwanzo wa mahoteli yote ambayo leo yamepanga foleni hadi Shanzu na kwendelea.

Sehemu hii ya ziara ndiyo niliyotamani iwe ndefu zaidi. Tulizunguka kwa tuktuk kwenye vichochoro vya mibuyu, maana Nyali bado ina mibuyu mikubwa ajabu, mingine imo ndani ya kuta za watu, mingine barabara imepinda kuikwepa. Nilitaka kusikia habari za vibarua wa mkonge, walikaa wapi, walilipwa nini, walikwenda wapi viwanja vilipouzwa. Mwalimu alijua kidogo, akakiri palipomwishia. Alichoeleza vizuri ni suala la hati. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya pwani wayapeleke yaandikishwe, na waliojua njia za ofisi ndio waliopata karatasi. Wengine wakajikuta maskwota mahali walipozikwa babu zao. Ukisimama pale Kongowea, soko kuu la jumla likiwa upande mmoja na mageti yenye walinzi upande wa pili, unaona matokeo ya karatasi hizo kwa macho yako.

Mamba Village tulipita kwa sababu ilikuwa kwenye ratiba. Ni shamba la mamba lililowekwa ndani ya machimbo ya zamani ya mawe, na mamba wake ni wakubwa kweli. Ukiwa na watoto, iweke. Kama umekuja kwa historia, mwambie mwongozaji aitoe na muda huo auongeze Freretown.

Tulimalizia baharini. Mbele ya Nyali ni hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, na maji yakipwa unauona mwamba wa matumbawe ukivunja mawimbi kwa mbali. Tuliagiza madafu. Wazee wangu walivua viatu wakatembea mchangani, na kwa mama mkwe, aliyezaliwa na kukulia milimani, hilo peke yake lilitosha safari. Ila kufika pale si rahisi kama inavyopaswa. Ufuo ni wa umma kisheria, lakini ukuta wa kiwanja hiki unashikana na wa kile, na vichochoro vya kushukia baharini ni vichache na vyembamba. Wavuvi na wauza madafu hupita humo humo. Mwalimu alituonyesha kimoja ambacho nisingekiona, akasema alipokuwa mtoto walikimbia kutoka Freretown hadi majini bila kukutana na geti hata moja. Hilo linaniuma, nami nalisema wazi: mtaa uliozaliwa kwa kuwapokea watu waliopokonywa kila kitu haupaswi kumzuia mtoto wa Kongowea asifike baharini.

Kwa wanaofikiria kwenda: anzeni saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakuwa kali na kabla Kengeleni haijajaa magari. Vaeni viatu vya kutembelea, bebeni maji, na mkiwa na wazee agizeni tuktuk isubiri kila kituo, maana sehemu za kuketi ni chache. Jumapili kanisa huwa na ibada, kwa hiyo ama mwende siku nyingine ama mjiunge na waumini. Maelezo yote yalikuwa kwa Kiswahili, Mwalimu ana Kiingereza pia kwa wageni, na hakutuharakisha hata mara moja. Tafuteni mwongozaji aliyezaliwa upande ule. Mwulizeni kwanza kwenye simu anaanzia wapi. Akitaja hoteli, endeleeni kutafuta.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano naiweka hadi ziara ipate kituo kinachohusu mashamba ya mkonge na watu walioyalima.