Siku nne Mombasa na shangazi: mnara wa Mbaraki, majongoo ya Bamburi na vioja vingine

Tulitoka Tanga alfajiri ya Ijumaa Kuu, mimi na shangazi yangu, tukavuka mpaka wa Kenya pale Horohoro, na mchana tukawa Likoni, penye kivuko cha kuingilia kisiwa cha Mombasa. Kama hujawahi kupita njia hiyo, ujue feri yenyewe ni kioja cha kwanza, na haina kiingilio. Abiria wa mabasi wote hushuka, wakaingia kwenye umati wa waenda kwa miguu, ambao hawalipi chochote. Geti likifunguliwa, watu huteremka kwa pamoja: mwenye kuku, mwenye godoro, mwanafunzi, mfanyakazi wa bandarini. Shangazi ana miaka 66 na magoti yake si mazima. Kijana mmoja asiyetujua akamchukulia kikapu, akamwambia, "Nishike bega, mama," mpaka ng'ambo. Mji ulianza kunipendeza kabla sijaufika.

Watu wengi ninaowajua wakirudi Mombasa huja na picha za ufukwe tu. Bahari sisi Tanga tunayo. Tulikuja kutafuta vile ambavyo kwetu havipo, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa yanamfaa zaidi mtu wa namna hiyo, hasa akiwa na mzee mkononi.

Nianze na lililonikera. Chumba nilikiagiza kwa simu, nikasema wazi kwamba nina mzee asiyepanda ngazi, nikaahidiwa chumba cha chini. Tulipofika tukapewa ghorofa ya tatu, hakuna lifti, na usiku mbili maji yalikatika. Shangazi alipanda akipumzika kila ngazi ya tano na hakulalamika, na ndiyo maana niliumia zaidi. Usitume pesa kabla hujauliza habari za ngazi na maji, na ukiweza mtume mtu akakuangalilie.

Mapembe makubwa yaliyosimama juu ya Barabara ya Moi tuliyapita kwa tuktuk (ndiyo bajaji ya kwetu) na dakika kumi zilitosha. Ni ya alumini, si ya ndovu. Jozi ya kwanza ilisimamishwa 1952 kwa ajili ya ziara ya Elizabeth, aliyeurithi ufalme wa Uingereza akiwa hukuhuku Kenya. Ya pili ikaongezwa 1956 mdogo wake Margaret alipokuja. Piga picha, angalia magari, endelea na safari.

Fort Jesus, ngome ya kale, tuliipa asubuhi nzima ya Jumamosi. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, na wengi huenda kutazama mizinga. Mimi nakuomba ukatazame ukuta uliochorwa. Askari na mabaharia wa Kireno walichora merikebu na watu juu ya lipu, michoro ya mtu mwenye muda mwingi na mkono usio na mafunzo. Nilisimama pale nikamwaza huyo mtu, mbali na kwao, anachora chombo cha kumrudisha. Watu wa ngome hii walikuja kuzingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na meli iliyoletwa kuwaokoa, Santo António de Tanná, ikazama palepale mbele ya ngome. Vitu vilivyoopolewa na wapiga mbizi vimo ndani ya makumbusho. Uani kuna mifupa ya nyangumi; shangazi aliketi kando yake akasema hajui kama amechoka au ameshangaa. Vaa viatu visivyoteleza, na uende saa tatu asubuhi kabla mawe hayajashika moto.

Ukitoka ngomeni unaingia Ndia Kuu. Watu wa bara husoma wakadhani ni kosa la uandishi, kumbe ndiyo njia kuu kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Shangazi alifurahi mno kusikia watu wakisema "ndoo" wakimaanisha njoo. Akawa anairudia peke yake ndani ya tuktuk. Tulipita chini ya mnara wa msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa kuwa wa tangu 1570, mweupe, mnene chini na mwembamba juu. Milango ya nakshi ipo, mingine imetunzwa na mingine inaliwa na chumvi huku nyaya za umeme zikining'inia juu yake, na jambo hilo liliniuma. Tulikula mahamri na mbaazi za nazi kibarazani, tukanywa kahawa ya tangawizi kwa vikombe vidogo. Muuza kahawa alimtengea shangazi kiti chake mwenyewe.

Lakini ukiwa na saa moja tu Mombasa, nenda Mbaraki.

Wenye tuktuk wawili hawakupajua. Wa tatu, mtu mzima, alinitazama kwanza, ndipo akasema, "Kwa shilingi mia mbili nitakupeleka, na nitakungoja." Ni mnara wa mawe ya matumbawe, mtupu ndani, umesimama peke yake karibu na msikiti mdogo ulioanza karne ya 15. Si mnara wa kuadhinia. Kwa vizazi vingi watu wameamini kuna pepo anayekaa humo, na wamekuwa wakimletea ubani na marashi. Nilidhani hizo ni habari za zamani. Nilipoinama nikaona majivu ya ubani, na kando yake chupa mbili za marashi ya mawaridi, tupu, vifuniko vimerudishwa vizuri kama vya mtu anayeosha vyombo vyake na kuvipanga. Kuna mtu alikuja hapo na haja yake, akamimina taratibu, akafunga.

Shangazi ni mtu wa msikiti na mambo ya mizimu hayataki. Nilitegemea atanikemea kwa kumleta. Alitoa salamu, akasimama kimya kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, usiguse kitu cha mtu." Hatukupiga picha ya zile chupa, na wewe ukienda naomba usipige. Hapakuwa na mwongozaji wala mtu wa kutusumbua. Upepo tu, na kunguru.

Jumapili tulikwenda Bamburi, Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, ardhi imechimbwa ikabaki kama sahani. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kuirudishia miti. Mivinje ilistahimili, ileile ya ufukweni kwetu, ila majani yake kama sindano yalilundikana bila kuoza. Walioleta ufumbuzi ni majongoo: waliyala yale majani, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo unatembea kivulini juu ya udongo ambao majongoo wameshiriki kuutengeneza! Tuliliona moja likivuka njia, jeusi, nene kama kidole changu cha shahada, nasi tukalisubiri lipite.

Hapa ndipo alipoletwa Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akajiambatanisha na kobe mkubwa mzee aitwaye Mzee mpaka wakawa wanalala pamoja. Nilimsimulia shangazi mbele ya wale kobe wakubwa, akafuta jicho. Yeye alinilea mimi baada ya mama yangu kufariki, basi sikuongeza neno. Twiga wana saa yao ya kulishwa. Uliza getini usije ukaikosa. Ulimi wa twiga ni mweusi, mkavu kuliko nilivyodhani. Njia nyingi ni tambarare, na shangazi alitembea karibu yote.

Ukirudi, mwambie dereva asimame Kengeleni kabla ya daraja la Nyali. Jina lenyewe limetokana na kengele ya Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa yaliyoanzishwa miaka ya 1870. Wenyeji husimulia kwamba ilipigwa kuwatahadharisha watu majahazi ya watumwa yakionekana. Leo magari yanazunguka pale yakipiga honi na abiria wanaita "Kengeleni shukisha!" kila dakika. Nilitamani pawe na mahali pa kusimama kwa heshima. Hapakuwa napo, tukasimama kando ya vibanda.

Jumatatu kabla ya kuondoka tuliketi Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Meli ya makontena ikapita mlangoni mwa bandari ya Kilindini, karibu kiasi kwamba tulimwona mtu sitahani, na feri zote zikatulia kuipisha. Shangazi alimpungia yule mtu kwa leso yake mpya ya Biashara Street, iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kwetu tungeiita kanga, ila tangu siku ile yeye anaiita leso.

Yule mtu naye akapunga.