Uzoefu wangu na GeoGebra kwenye maswali ya mistari na miteremko

Nimeitumia GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo ya hesabu, kwa muda sasa, hasa kumsaidia mdogo wangu na hesabu za majiranukta, na kwa kazi hii sijaona cha kuipita. Ni ya bure kwa anayejifunza, na ukishaipakua kwenye simu inafanya kazi hata bila intaneti. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria, na inaonekana wazi ilitengenezwa na mtu anayejua wanafunzi wanakwama wapi.

Kabla yake tulikuwa na programu nyingine: unapiga picha swali, inakupa jibu. Jibu lilikuwa sahihi, ila dogo alikuwa hajui mteremko ni kitu gani.

Chukua swali la kawaida: mstari unapita A(-2, 5) na B(4, -7). Tofauti ya y ni -7 - 5 = -12, tofauti ya x ni 4 - (-2) = 6, kwa hiyo mteremko ni -2. Yeye alikuwa akianza na B kwenye y, halafu anaanza na A kwenye x, anapata 2. Ukimwambia "fuata mpangilio uleule" anaitikia tu. Lakini akichora mstari kwenye GeoGebra anaona unashuka kwenda kulia, na zana ya mteremko inaweka pembetatu ndogo pale pale: hatua moja kulia, hatua mbili chini. Hapo hakuna cha kubishana. Mlinganyo ni y = -2x + 1; usishtuke programu ikiuandika 2x + y = 1, ni uleule.

Kilichonifurahisha zaidi ni mstari wima. Weka nukta moja (3, 1) na nyingine (4, 5): mteremko 4. Isogeze ya pili hadi (3.5, 5) unapata 8, kwenye (3.1, 5) unapata 40, kwenye (3.01, 5) unapata 400. Ipitishe upande wa pili, (2.99, 5), inakuwa -400! Katikati hapo, kwenye x = 3 yenyewe, ungekuwa unagawanya kwa sifuri, na mlinganyo unabaki x = 3, hauna m (mteremko) wala c (mahali mstari unapokata mhimili wa y). Nilivyofundishwa mimi ilikuwa "mteremko haupo, kariri", basi.

Andika pia y = m x + c, ukiacha nafasi kati ya m na x. Vinatokea vitelezi viwili, yaani vitufe vya kusogeza ili kubadili thamani ya m na ya c. Ukisogeza c mstari unapanda na kushuka bila kubadili mwelekeo, yaani unazaa mistari sambamba.

Angalizo moja la maana: ukivuta mhimili mmoja kwa kidole, vipimo vya x na y vinaacha kulingana, na mistari inayokatana kwa nyuzi 90 inaonekana kama haikatani kwa pembe hiyo. Nenda kwenye mipangilio urudishe uwiano wa 1:1 kabla hujaanza kutilia shaka hesabu zako. Na kwenye kioo kidogo cha simu ni afadhali kuandika namba za nukta kuliko kuburuta.

Sisi tunaanza na karatasi. Kwa A na B zile zile, nukta ya kati ni (1, -1), mteremko wa mstari unaoikata AB katikati kwa pembemraba ni 1/2 (kwa sababu -2 × 1/2 = -1), na mlinganyo wake ni y = x/2 - 3/2. Ndipo tunafungua simu. Juzi dogo mwenyewe alichagua nukta (3, 0) kwenye mstari huo, akapima umbali hadi A na hadi B. Zote mbili zikasoma 7.07, akachukua kalamu kutafuta hiyo namba imetoka wapi, akaishia kwenye kipeuo cha pili cha 50.