Kadi ya CHF ya elfu 30: uzoefu wangu, mkulima wa Chamwino

Naandika kwa wenzangu ambao kipato chao hakijui mwisho wa mwezi: wiki hii umepata kibarua cha kupalilia, wiki ijayo umekaa, mpaka zabibu zivunwe. Bima ya kukatwa kwenye mshahara haituhusu, maana mshahara wenyewe uko wapi? Tulichonacho ni CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya hiari ya kaya, ambayo mimi niliilipia shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6. Nimeitumia na familia yangu huku wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, na naona inalipa. Ila ina sehemu inabana, na hapo ndipo wengi wanaisusa.

Swali ninaloulizwa sana ni vigezo. Kwa CHF hakuna anayekudai hati ya mshahara wala kukuhesabia mbuzi. Baba, mama na wategemezi wanne, pesa mkononi, basi. Maswali ya nani maskini yanaanza pale unaposema hiyo elfu 30 huna. Kisera kuna msamaha wa matibabu kwa watoto chini ya miaka 5, wajawazito na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza, lakini kuthibitishwa kuwa hujiwezi kunapitia serikali ya kijiji na watu wa ustawi wa jamii. Ule mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa Kunusuru Kaya, wa kusaidia kaya maskini, nao una njia yake: mkutano wa kijiji unataja kaya, kisha linakuja dodoso. Sisi hatukutajwa. Nyumba yetu ina bati, na bati kijijini kwetu ni cheo. Lilinunuliwa mwaka ambao zabibu zilikubali. Ukiugua malaria halikusaidii kitu. Watu wa aina yetu, wenye bati lakini mfukoni hamna kitu, ndio hasa elfu 30 inawafaa.

Tatizo letu lilikuwa idadi. Tuko saba, pamoja na mama yangu mzazi anayeishi nasi. Mtendaji wa kijiji alinishauri vizuri: mama amevuka 60, apelekwe kwenye utaratibu wa wazee, halafu sita tuliobaki tuingie CHF. Mama akapata kitambulisho cha matibabu ya wazee, na nafasi ya sita akaingia mtoto wa marehemu dada yangu. Kama nyumba yako ina mzee, anza na hilo kabla hujamkata mtoto yeyote kwenye orodha.

Uandikishaji wenyewe ni wa simu. Afisa mwandikishaji alikuja nyumbani, akampanga kila mmoja ukutani na kumpiga picha. Mdogo akagoma kufungua macho kwa jua, mke wangu akataka kwanza abadilishe kilemba, na mtandao ukawa haushiki mpaka yule kijana alipohamia kwenye mbuyu wa jirani, huku sisi tunamfuata nyuma kama msafara wa harusi. Tukalipia, tukapata namba ya uanachama. Hakuna aliyetuomba hata soda.

Tulivyoitumia sasa. Kwa homa, vipimo vya malaria, kuhara na vidonda vya watoto, unaonyesha kadi na unahudumiwa. Kazi yake niliiona vizuri kijana wangu alipoanguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mkono. Zahanati walituandikia rufaa, tukaenda hospitali, akapigwa eksirei na kufungwa hogo, sikutoa senti ya matibabu. Nauli ya bodaboda na chakula ni juu yako. Kile kikaratasi cha rufaa ukitunze kama hati ya shamba: ukiruka ngazi ukaenda mwenyewe hospitali kubwa, unalipa taslimu kama asiye na kadi. Na CHF inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukipelekwa Muhimbili, hospitali ya taifa, kadi hii haifiki.

Inapobana ni dawa. Zahanati moja tunayoitumia, kuna nyakati unapimwa, unaandikiwa, halafu dirishani unaambiwa "hamna, kanunue." Unatoka na cheti chako hadi duka la dawa muhimu na kulipa kwa pesa yako, kadi ikiwa mfukoni. Hapo ndipo jirani yangu alipoapa halipii tena, na simlaumu. Mimi nilipiga hesabu nikaona mkono wa yule kijana peke yake ungetutoa zaidi ya elfu 30, tena kipindi cha njaa, mwezi wa kwanza, ghala tupu na ugali wa uwele unapimwa kwa kikombe.

Kwa waliokata tamaa tangu CHF ile ya kwanza, iliyoanzia wilaya ya Igunga, Tabora, 1996 na kuwekewa sheria 2001: hii siyo ile. Ile ilikufunga kwenye kituo ulichojiandikisha. Dodoma ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyojaribiwa hii mpya kabla haijatandazwa nchi nzima kuanzia 2018, na hii unatembea nayo kwenye vituo vya serikali. Wengine waliniambia wanasubiri utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ambayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo kwa fedha za ushuru wa soda, vileo na vipodozi. Sawa, lakini malaria haisubiri, na mwenye bati kama mimi sina hakika kama kamati ya kijiji itamwita asiye na uwezo.

Alama zangu: nane kwa kumi kwa bei na rufaa, tano kwa dawa. Ushauri wangu ni kulipia wiki ile ile unapouza zabibu au alizeti, kabla harusi na madeni hayajaanza kubisha hodi. Usingoje kadi iishe muda ukiwa na mgonjwa ndani. Kwetu mwandikishaji anapatikana ofisi ya kijiji siku za mnada, asubuhi, kabla hajapotelea kwenye nyama choma.