Unataka kuangalia tamthilia mtandaoni? Chukua stiki, boksi la bei chee liache dukani

Shemeji kanipigia juzi yuko Kariakoo, pale Aggrey, kashika boksi la kuifanya TV iingie mtandaoni na muuzaji anamsubiri, ananiuliza shemu hili linafaa au ndo nauziwa mbuzi kwenye gunia? Nikamwambia rudisha, toka nje tuongee. Niliyomwambia ndo haya, maana watu kibao wamechoka kulipia king'amuzi mwezi mzima kisa tamthilia moja.

Namba moja kwangu ni stiki. Kadude kama flashi, unakachomeka kwenye tundu la HDMI nyuma ya TV, unaunganisha waifai, flati yako ya kawaida imeshakuwa smati. Xiaomi wanazo, Amazon wana Fire TV Stick, na Chromecast utazikuta bado japo Google walitangaza kuacha kuzitengeneza 2024. Mimi ningechukua yenye mfumo wa Google TV, Play Store iko humohumo, Fire TV inatumia duka la Amazon kwahiyo hakikisha kwanza programu zako zimo. Ila usiichomeke umeme kwenye USB ya TV, umeme wa pale mara nyingi ni mdogo, utakuta mama mkwe ndo kwanza kafumania, stiki inazima inaanza kuonyesha nembo upya. Tumia adapta, chomeka ukutani.

Ya pili smati TV, lakini kama huna TV kabisa. Flati yako nzima usiiuze. Kioo kinadumu, akili yake ndo inazeeka mapema, kuna Samsung za 2010 na 2011 zilikatiwa Netflix Desemba 2019 na kioo bado kinang'aa vizuri tu. Kwahiyo ukikuta TV ya mtumba bei imekaa poa, washa hotspoti ya simu yako hapohapo dukani ufungue YouTube, wakianza "mtandao leo mbovu bosi" we ondoka. Stiki ikizeeka unatupa stiki, TV inabaki.

Tatu, waya wa HDMI na laptop. Rahisi kuliko vyote kama laptop unayo, shida yake unainuka kwenye kochi kila ukitaka kusimamisha.

Nne simu. Wengi wanaidharau, ila pigeni hesabu ya bando kwanza, maana hela inakoishia ni huko na siyo kwenye kifaa. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, HD hadi GB 3, 4K ile kali kuliko zote hadi 7. Sasa tamthilia ya episodi 10 za dakika 45 ni saa saba na nusu, ukiangalia kwa HD umechoma kama GB 22, kwa picha ya kawaida saba na nusu hivi. Kama nyumbani huna faiba simu inakuokoa, unapakua kwa bando la usiku au waifai ya kazini halafu unaangalia kitandani bila kukwama. Tamthilia za kibongo kibao ziko YouTube bure. Na kile kifurushi cha Netflix cha simu ni cha bei ndogo lakini kinacheza kwenye simu na tableti tu, usikilipie halafu ukanunue stiki.

Mwisho kabisa ndo yale maboksi yasiyo na jina. Niliwahi kununua moja, limeandikwa 8K kubwaaa, Netflix ikawa ukungu mtupu kwa sababu halikuwa na cheti cha Netflix, na saa nane usiku linajiwasha linarusha matangazo. Na siyo matangazo tu, 2025 FBI ya Marekani walitoa onyo kuhusu vifaa vya namna hii, vingine vinatoka kiwandani na virusi tayari. Muuzaji akikwambia zima Play Protect kwanza, ule ulinzi wa Google unaokagua programu mbaya, au chaneli zote bure maisha, hapo hapana.

Tumeongea yote hayo nusu saa, shemeji ndo ananiambia TV ya nyumbani ni chogo, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa. Chogo haina HDMI jamani, ina yale matundu matatu, njano nyeupe nyekundu! Kigeuzi kipo madukani, ila maandishi ya chini ya picha yanakuwa kama sisimizi. Nikamrudisha namba nne.